Mvua ya Sekunde Nne

"Sirudii tena!"

"Mara moja tu."

"Hata nusu! Nimekusikilizia mara tano, nimekutafsiria mara tano, na mara zote tano baba yangu amekufa. Unataka afe mara ngapi ndiyo uridhike?"

"Kaa chini, dada."

"Sikai. Lete hiyo karatasi nitie saini, nimchukue mzee wangu, niondoke."

Karatasi yenyewe ilikuwa pale pale mezani, chini ya kikombe cha chai kilichopoa. Maneno mengi, maana tatu tu: marehemu kajiua mwenyewe, familia imekubali, jalada lifungwe. Mkubwa wa kituo alitaka imfikie kabla ya saa tisa alasiri. Sasa ilikuwa saa tatu na nusu asubuhi, siku ya Ijumaa, na mpelelezi aliyekabidhiwa kesi hiyo alikuwa amekikalia kikombe kile kwa macho kama kuku wa mayai. Kituo kizima kilimwita Kiroboto. Akishakuingia nguoni, hata uzivue zote, hatoki.

Mwanamke aliyesimama mbele yake alikuwa binti wa marehemu, mtoto wa pekee. Alizaliwa mji huu huu, akaondoka na miaka kumi na tisa kwenda kufanya kazi ng'ambo, akarudi Jumatano na begi moja na macho mekundu. Baba yake alikuja zamani, kijana, kutoka kwao wanakosema Kimalayalam. Mke akafa, binti akaondoka, mzee akabaki. Kazi yake ya mwisho ilikuwa kwenye studio ndogo inayotengeneza masomo ya lugha: unavaa vidude vya masikioni, unajifunza kusema kwa Kimalayalam choo kiko wapi. Kila msemo aliusoma mara tatu, kwa hiyo mtaani jina lake likawa Mzee Mara Tatu.

Jumanne alikutwa amelala chini kwenye chumba cha kurekodia, vidonge vyake vya moyo vimemwagika karibu na mkono. Kwenye kompyuta kulikuwa na sauti yake, imeandikwa juu "Kwa binti yangu". Daktari alisema moyo umesimama. Kama ni vidonge au si vidonge, majibu ya maabara ni wiki tatu. Mkubwa hakuwa na wiki tatu. Alikuwa na sauti.

Sheria haitaki ndugu wa marehemu atafsiri ushahidi. Lakini Kiroboto alishapiga simu hospitali, vyuo na maduka ya vitambaa. Wanaojua Kihindi wapo, Kigujarati wapo tele, Kimalayalam hakuna hata wa dawa. Akabaki huyu.

"Sikuulizi anasema nini," Kiroboto alisema. "Hilo nimeshalikariri. Nisamehe. Nimechoka sana. Nilipiga simu, hakuna aliyepokea. Leo naondoka. Msinisubiri. Sawa?"

Binti akafumba macho. "Sawa."

"Na simu alipiga kweli."

"Jumanne, saa mbili asubuhi ya kwenu. Nilikuwa kazini. Nikaliona jina lake, nikasema nitampigia nikitoka." Akavuta kiti, akakaa bila kutaka. "Nimeshakwambia hili, afande. Unalipenda sana?"

"Silipendi. Nataka uniambie anasemaje."

"Si ndiyo nimekwambia..."

"Anase-ma-je. Mkiwa kwenye simu, wewe na yeye, alikuwa anaongea hivi?"

Mara tano zote binti alikuwa anapokea maneno kama mtu anayepokea mawe; hakuwa ameangalia yanavyorushwa.

"Hapana," alisema mwishowe. "Baba alikuwa anaongea kama amefukuzwa na mbwa. Maneno yanapandana. Hapa anaongea... sijui. Kama anamfundisha mtoto wa watu."

"Umeona? Sasa sikiliza mara ya sita. Ila usimsikilize baba. Sikiliza bati."

"Bati gani?"

Kiroboto akabonyeza simu yake. Sauti ya mzee ikaanza, nzito, ya upole. *Kshamikkanam*. Kimya. *Enikku valare kshinam undu*. Kimya. Kisha: *Nyan vilichu, arum eduttilla*. Na nyuma ya maneno hayo, mbali, kitu kikawa kinachakacha kama mtu anayechambua mchele kwenye ungo. Maneno yakaisha, mchele ukaisha. Msemo uliofuata ulikuwa mkavu.

Binti akainua uso. "Mvua."

"Mvua. Mimi Kimalayalam sijui hata cha kuombea maji, ndiyo maana niliisikia. Wewe ulikuwa unasikia maana, mimi nilikuwa nasikia kelele." Akamwonyesha saa ya mkononi. "Nimeipima. Sekunde nne. Imeanza na sentensi, imekatika na sentensi. Mvua gani hiyo yenye adabu namna hiyo? Tena Jumanne. Mji huu haujaona tone miezi miwili, mpaka mbuzi wanatutazama vibaya."

Akakiinua kikombe, akaichukua karatasi, akaitia kwenye droo.

"Saa tisa bado," alisema. "Twende kazini kwa mzee."

*

Studio ilikuwa ghorofa ya tatu, ya mwisho, juu kabisa chini ya bati. Ukiingia unakutana na sanduku la mbao: simu zote humo, zisije zikaita katikati ya kurekodi. Binti akaizima yake, akaitumbukiza. Kisha chumba cha wasomaji chenye meza mbili, kisha meza ya fundi mitambo na kompyuta yake, kisha mlango mnene wa chumba chenyewe. Juu ya mlango, taa nyekundu. Kwenye mlango, komeo, nje. Ndani hakukuwa na komeo wala kitasa, sponji tu, kama tumbo la godoro.

Fundi hakuwepo, alikuwa ametumwa kununua waya. Aliyekuwepo ni Madamu, mwanamke wa makamo mwenye miwani ya kamba, ambaye kazi yake ilikuwa kuwafundisha watu kutamka kwa Kiingereza maneno ambayo Kiingereza chenyewe kimeyaokota kwa wengine.

Alipomwona Kiroboto akaitupa kalamu.

"Umerudi! Kijana, mimi nilishasema. Ndiyo, tuligombana. Ndiyo, nilimwambia siku moja nitakufungia humo ndani upige kelele na kamba zako. Ni hasira. Mtu akifa basi kila aliyewahi kumnunia ni muuaji? Mtajaza jela!"

Jumatano nzima Kiroboto aliipoteza kwa mama huyu. Ugomvi wenyewe ulikuwa wa neno la kamba za makumbi ya nazi. Waingereza wanasema *koya*. Mzee akashikilia kuwa ni neno la kwao na ni *kayar*, na kwamba hawezi kukaa chumba kimoja na mtu anayelikata neno mkia.

"Nilimwambia, baba, neno likishaolewa linafuata ukoo wa mume," Madamu akamgeukia binti, sauti ikamshuka. "Akanijibu, hata akiolewa, aliyemzaa hakosei jina lake. Tukanuniana mwezi mzima. Mwezi, mwanamke mwenzangu! Wawili tu chumba kizima, kila mtu anaongea na karatasi yake." Akavua miwani. "Wewe ndiye binti. Una pua yake."

"Ndiyo, mama."

"Pole. Alikuwa mbishi, lakini sasa hapa ni kimya mpaka nasikia meno yangu."

Kiroboto hakuwapa muda wa kulia. "Orodha ya misemo ya mzee iko wapi?"

Iliwekwa mezani. Misemo mia tatu na ishirini, kila mmoja na namba yake: Kimalayalam kwa herufi za kwao, Kimalayalam kwa herufi za kawaida, na Kiingereza pembeni. Binti akaanza kuishusha kwa kidole. Kiroboto akawa anahesabu pumzi zake. Kidole kikasimama kwenye namba sita.

"Nisamehe," alisema. "Sura ya adabu."

Kikasimama tena. "Themanini na nane. Leo naondoka. Sura ya hoteli." Kisha, "Tisini na saba. Msinisubiri. Stendi." Akafunua kurasa haraka. "Mia na arobaini na moja, hospitali, nimechoka sana. Na mia mbili na tatu..." Kidole kikabaki pale pale.

"Soma."

"Mia mbili na tatu. Sura ya simu. Nilipiga simu, hakuna aliyepokea."

Madamu alikuwa anatazama huku na huku kama mtu aliyeingia kwenye mazungumzo nusu. Kiroboto akamwekea sauti kwenye simu. Hakuhitaji kuisikia yote.

"Hii ni ya kwanza," alisema.

"Ya kwanza nini?"

"Si tunasoma mara tatu? Ya kwanza polepole, ya mwanafunzi. Ya pili mwendo wa kawaida. Ya tatu haraka, ya wenyewe. Hii ni ya kwanza. Hii nayo ya kwanza. Yote ya kwanza! Nani anamuaga mwanawe kwa sauti ya kwanza?" Akasimama. "Subiri. Mia mbili na tatu tunayo."

Akavuta kompyuta ya masomo, akabonyeza kwa kidole kimoja kama anayekanyaga mdudu. *Nyan vilichu, arum eduttilla*. Mvua ile ile ikachambua mchele wake nyuma ya maneno, na mwisho kabisa kiti kikalia, kwi. Kiroboto akairudisha ya kwenye simu. Mvua. Maneno. Kwi.

Kiroboto akaizima.

"Mwaka jana," Madamu akasema polepole. "Msimu wa mvua. Nakumbuka fundi alilalamika bati linapiga kelele, mzee akasema acha tu, watu wa kwetu wakisikia mvua watajua ni mimi."

Binti akageukia dirishani.

"Nani anajua kukata sauti na kuziunga?" Kiroboto aliuliza.

"Mimi? Mimi hata simu yangu nafunguliwa na jirani."

"Sikuuliza wewe."

Madamu akaitazama meza ya fundi, akaacha kuitazama.

"Jumanne ulikuwa hapa?"

"Mpaka saa tano na robo. Umeme ulikatika, sioni karatasi, nikaenda zangu. Ulirudi karibu saa saba, nilikuwa nyumbani nikasikia friji imeamka."

Kiroboto akatoa kijitabu. Maelezo ya fundi, Jumanne jioni, kwa mwandiko wake mwenyewe: *Nilimwacha mzee arekodi saa tano kasoro. Nilikaa mezani nachanganya sauti kwenye kompyuta hadi saa saba. Sikusikia kitu.*

"Ulipoondoka, fundi alikuwa kwenye kiti chake?"

"Kiti kilikuwa kitupu."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza? Uliniuliza kamba!"

Ilimwingia Kiroboto mahali pake, akaimeza. "Na mlango huu?"

Madamu alikuwa ameshika miwani kwa mikono miwili.

"Mama. Mlango."

"Komeo lilikuwa limefungwa," alisema. "Fundi hulifunga wakati wa kurekodi, mtu asiingie kwa makosa. Lakini nikatazama juu. Taa nyekundu ilikuwa imezima. Taa ikizima hamna mtu ndani, ndivyo tunavyofanya siku zote." Akaiweka miwani mezani. "Umeme ulikuwa umekatika, kijana. Taa ingewakaje? Nimefika nyumbani, nimekula, nimelala, sikulifikiria hilo. Nimelifikiria sasa hivi."

*

Ng'ambo ya barabara, chini kabisa, kulikuwa na kinyozi. Kiroboto alivuka peke yake. Tangu Jumanne kitu kimoja kilikuwa kinamwasha: fundi alikuwa na nywele zilizochongwa vizuri mno kwa mtu aliyeshinda kazini.

Kinyozi alicheka kabla swali halijaisha.

"Yule wa mitambo? Acha tu, mkuu! Jumanne alikuja saa tano kamili, akasema bro, dakika kumi, nina mtu ndani. Namaliza upande wa kushoto, twaa, umeme! Mashine imekufa. Upande huu kichwa cha harusi, upande huu kichaka cha kujificha nguruwe. Nikamwambia nenda na kofia. Kofia hana. Akainuka mara mbili mpaka mlangoni, wasichana wa duka la vioo wakamcheka, akarudi akakaa."

"Mpaka lini?"

"Saa saba kasoro. Umeme uliporudi nilimmalizia, akatoka mbio hata hakujitazama kwenye kioo." Kicheko kikamfifia alipouona uso wa Kiroboto. "Kwani kuna nini?"

"Hukusikia kwamba kuna mtu alikufa juu pale?"

"Nilisikia mzee kajiua." Kinyozi akaitazama mashine mkononi mwake, akaiweka chini taratibu.

*

Fundi alirudi saa sita na nusu, waya begani, akawakuta wamekaa. Alikuwa kijana mrefu, mpole, wa aina inayoomba radhi hata ikikanyagwa. Madamu hakuitika salamu yake.

"Fundi, nisaidie kitu," Kiroboto alisema. "Nataka kupima huo mlango. Ingia ndani, ugonge kwa nguvu zako zote. Sisi tusikilize."

"Lakini afande, chumba hiki hakipitishi sauti. Hata ukipiga ngoma..."

"Ndiyo nataka kuona. Feni izime, kama mnaporekodi."

Akaingia. Angekataa angeonekana, na akiingia ataonekana, alichagua kuingia. Kiroboto akasukuma mlango. Komeo akamwachia binti.

Wakasubiri. Sekunde ya thelathini Kiroboto akaweka sikio kwenye mbao. Ndani kulikuwa na kitu kidogo sana, kama panya anayetembea juu ya pamba. Akatoa sikio, hata panya hayupo. Barabarani gari likapita. Madamu akakaa na kuinamia meza.

"Dakika mbili," Kiroboto alisema. "Fungua."

Mkono wa binti ulikuwa kwenye komeo. Haukuondoka, haukuvuta.

"Dada. Fungua."

Akavuta. Fundi alitoka amelowa jasho, vifundo vya vidole vimekuwa vyekundu, akashika ukuta.

"Dakika mbili," Kiroboto akasema. "Yeye alikaa karibu mbili, ila si dakika, saa. Kengele ya ndani inatumia umeme?"

"Ndiyo."

"Simu yake ilikuwa kwenye sanduku?"

"Ndiyo."

"Ulikuwa kwa kinyozi."

Fundi akateleza na ukuta mpaka chini. Hakuna aliyemshika.

"Alisema dakika kumi," alianza. "Kinyozi alisema dakika kumi, na mzee alikuwa na misemo arobaini ya kusoma, angechukua saa nzima. Nikafunga komeo kama siku zote. Umeme ukakatika. Nikajua Madamu yupo, atamfungulia. Nilisema hivyo moyoni, Madamu yupo."

Madamu akatoa sauti ndogo, akaziba mdomo.

"Kwa nini hukurudi?" Aliyeuliza ni binti.

"Nusu kichwa, dada. Ningepitaje barabarani na nusu kichwa?"

"Nusu kichwa," binti akarudia.

"Niliporudi alikuwa hapo sakafuni, ameshapoa. Nilimpigia kifua. Wallahi nilimpiga kifua. Kisha nikaona komeo. Nikaona mimi ndiye niliyelifunga. Vidonge vilikuwa kwenye mfuko wake, nikamwaga vingine kwenye sinki, vingine hapo chini. Orodha ilikuwa mezani, na Kiingereza chake kiko pembeni. Nikatafuta maneno ya mtu anayeaga. Nikachukua sauti za kwanza kwa sababu zina kimya kirefu, ni rahisi kukata."

"Ya simu ulijuaje?"

"Sikujua kitu! Nilitaka tu ionekane alikuwa mpweke." Akafuta uso. "Na si alikuwa?"

Binti alipiga hatua moja. Kiroboto akaingiza bega katikati.

"Umesema misemo arobaini," alimwambia fundi, sauti imelegea kidogo, kwa sababu hapa ndipo alipokuwa anapataka. "Kinasa sauti cha humo ndani ni cha betri. Hakikukatika umeme ulipokatika. Jumanne nilikikuta kitupu, hakina kadi. Kadi iko wapi?"

Fundi akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati, chini ya kitambulisho, akatoa kitu chembamba kama ukucha. Alikuwa nacho siku zote nne.

"Nilishindwa kuifuta. Nimeisikiliza mara nyingi kuliko nilivyolala. Sijui anasema nini. Nataka kujua tu kama ananilaani."

*

Saa saba na dakika tano. Kiroboto aliitia kadi mashineni, akaandika muda kwenye kijitabu, akamwuliza binti mara mbili kama anataka. Mara ya pili alijibu kwa kuvuta kiti.

Misemo kwanza. Bei gani, kulia au kushoto, nyumba ya tatu. Polepole, kawaida, haraka. Kisha mlio mdogo wa kitu kuzimika, na mzee akasita.

"Anasema giza," binti alitafsiri. Sauti yake ilikuwa ya kazi, haina unyevu. "Anasema, haya, basi leo imetosha."

Hatua. Mbisho wa kwanza kwenye sponji, mzito, mfupi.

"Anasema fungua mlango."

Mbisho tena, na tena. Kiroboto alikuwa anaandika dakika. Ya kumi na tisa. Ya ishirini na mbili. Fundi alikaa pale pale sakafuni na mikono miwili juu ya kichwa chake kilichonyolewa.

"Joto. Anasema joto. Anamuuliza Mungu kama naye kaenda chakula cha mchana." Kona ya mdomo wake ikataka kucheka, ikakosa nguvu. "Ndivyo alivyo. Anasema atakaa chini kidogo."

Pumzi, ndefu, zenye kamba ndani yake. Dakika ya thelathini mzee akasema kitu kwa mwendo wa haraka, maneno yanapandana, sauti ambayo hakuna mwanafunzi aliyewahi kuuziwa. *Mone, patukke vannal mati*.

Binti hakutafsiri.

"Amesema nini?" Kiroboto aliuliza.

"Amedhani amesikia mtu anapanda ngazi." Akamgeukia fundi kwa mara ya kwanza bila hasira, akamtazama kama anatafuta kitu alichokidondosha. "Anasema, mwanangu, usikimbie. Njoo polepole tu, inatosha."

"Hilo neno la kwanza," fundi alisema, "alikuwa akiniambia kila asubuhi. Nilidhani ni salamu."

"Ni mwanangu," binti akasema. "Mwana wa kiume."

Fundi akainamisha uso magotini. Kiroboto akanyoosha mkono azime. Binti akaushika mkono huo.

"Acha iendelee."

"Dada, hapo nyuma hamna..."

"Acha."

Ikaendelea. Pumzi zikawa chache, kisha zikawa hazipo, kisha kukawa na chumba kitupu kinachojirekodi chenyewe. Kiroboto aliona binti anachofanya, akamwacha. Alikuwa amesogeza sikio mpaka karibu liguse spika, midomo imefunguka kidogo, kama mtu anayesubiri kuitwa kwenye foleni. Dakika moja. Nne. Kumi. Barabarani mtu akapiga honi naye akamnyamazisha kwa kidole, hewani. Mashine ikafika pale betri ilipoishia siku ile, ikatoa mlio wake, ikasimama.

Kiroboto akaitoa ile karatasi mfukoni, alikuwa ameibeba kutoka kwenye droo. Akaichana mara mbili mbele yake, akaviweka vipande mezani.

"Baba yako hakujiua," alisema. "Na ile simu haikumuua. Nataka ulisikie kwa mdomo wangu kabla ya kwenda popote."

"Nimesikia."

"Nitahitaji haya uliyotafsiri kwa maandishi. Halafu nitaendelea kutafuta mkalimani asiye ndugu, athibitishe. Sheria."

"Mtafute. Atakwambia hayo hayo." Akasimama, akainyoosha nguo yake mahali ambapo haikujikunja. "Dakika arobaini na moja, afande. Na anajua nusu ya maneno ya dunia."

"Dada..."

"Hakunitaja."

Madamu akainuka na mikono yake wazi kumpokea. Binti akaitazama mikono ile kwa adabu, akatikisa kichwa, akachukua simu yake kwenye sanduku la mbao. Hakuiwasha. Akageuka, akaanza kushuka ngazi, polepole, ghorofa ya tatu, ya pili, mpaka nyayo zake zisisikike tena.